Safari ya Mbugani: Chagua Namna ya Kutembea Kwanza, Mbuga Baadaye

Watu wengi wanaopanga kwenda kuona wanyama huanza na jina la mahali. Serengeti. Kruger. Maasai Mara. Jina likishakaa kichwani, wanatafuta kampuni, wanapatana bei, wanalipa, na mwisho kabisa ndipo wanagundua kuwa wamelipia siku sita za kukaa garini ilhali mgongo wa mzee wao hauvumilii saa tatu, au kwamba mtoto wa miaka 10 haruhusiwi kwenye matembezi aliyoahidiwa. Mbuga za Afrika ni nyingi na nzuri, lakini kila moja ina namna yake ya kutembelewa: kuna za gari, za mguu, za mtumbwi, na kuna za kupanda mlima kwenye matope. Ukiijua kwanza namna inayokufaa, orodha ya mbuga inajipunguza yenyewe.

Hatua ya 1: Waandike wanaosafiri

Chukua karatasi, andika kila anayekwenda na umri wake. Mbele ya jina weka mambo matatu: anaweza kukaa garini saa ngapi, anaweza kutembea umbali gani, na ni mnyama gani akimkosa atarudi nyumbani na kinyongo. Hili la tatu hupuuzwa, nalo ndilo linaloamua mengi. Anayetaka faru hana sababu ya kwenda Ruaha; aende Ngorongoro, Ziwa Nakuru au Ol Pejeta kule Laikipia. Anayeota mbwa mwitu ana bahati zaidi Nyerere, Ruaha au South Luangwa ya Zambia. Anayetaka makundi makubwa ya tembo atafute Amboseli, Tarangire wakati wa kiangazi, au Chobe nchini Botswana.

Umri nao una sheria zake. Kuwaona sokwe wa milimani (gorila) Uganda na Rwanda lazima mtu awe ametimiza miaka 15. Matembezi ya mguu ndani ya Kruger huanzia miaka 12, na kambi nyingi za kusini mwa Afrika zina mpaka unaokaribiana na huo. Kama mna watoto wadogo na hofu ya malaria inawanyima usingizi, Afrika Kusini ina hifadhi zisizo na malaria kabisa, kama Madikwe, Pilanesberg na Addo.

Hatua ya 2: Chagua namna ya kutembea

*Gari lenye dereva mwongozaji.* Ndiyo safari ya kawaida Afrika Mashariki, na kwa mtu wa mara ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza. Mnapanda Land Cruiser yenye paa la kufunguka, mnasimama na darubini, na dereva anazisoma nyayo barabarani huku anaendesha. Sehemu kubwa ya mafanikio ya safari yako imo machoni mwa huyo dereva. Utamwona anasimamisha gari mahali ambapo wewe huoni kitu chochote. Kumbe ametazama swala pala: kundi zima limeacha kula, masikio yamesimama, wote wamegeukia kichaka kimoja, na mmoja anapiga chafya kali za kutahadharisha wenzake. Anazima injini, mnangoja. Baada ya dakika kumi unaona mkia unaning'inia kwenye mti wa mwegea, na juu ya mkia kuna chui. Dereva mwenye haraka angeshapita zamani.

Kwa safari ya gari, nafasi ya dirishani ni haki ya kila abiria. Gari lililojazwa hadi kiti cha katikati linamnyima mtu mmoja kila kitu alichokilipia.

*Kujiendesha mwenyewe.* Kruger na Etosha ya Namibia ndizo shule bora za jambo hili. Barabara zina vibao, kambi zina mafuta na duka, na gari dogo la kawaida linafika sehemu nyingi. Kruger mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye changarawe. Hushuki garini isipokuwa mahali palipotengwa, na geti likifungwa ukiwa nje utatozwa faini. Etosha ina kitu kimoja nakipenda sana: kambi ya Okaukuejo ina dimbwi la maji lililowekewa taa, na usiku unakaa kwenye benchi nyuma ya ukuta mfupi huku faru na tembo wanakuja kunywa. Afrika Mashariki kujiendesha kunawezekana, ila uwe na gari la magurudumu manne yanayosukuma yote, mtu mwenye uzoefu wa tope, na mafuta ya kutosha.

*Kwa mguu.* Hapa ndipo safari inapobadilika kabisa. Garini wewe ni mtazamaji. Kwa mguu umo ndani ya eneo la mnyama, na mwili wako unalijua hilo kabla ya akili. Matembezi ya aina hii yalikuzwa katika bonde la Luangwa, Zambia, katikati ya karne ya 20, na Norman Carr ndiye anayetajwa kama mwasisi wake. Leo unaweza kutembea huko, Mana Pools ya Zimbabwe, na kwa Tanzania katika Ruaha, Nyerere na Arusha.

Mnatembea kwa mstari mmoja. Mbele yuko askari wa wanyamapori mwenye bunduki, nyuma yake mwongozaji, kisha ninyi, kimya. Askari ana kifuko kidogo cha jivu. Kila baada ya muda anakitikisa kuona vumbi linaelekea wapi, maana upepo ukitoka kwenu kwenda kwa nyati, nyati amekwisha wajua. Kinyesi cha tembo kinaguswa kwa mgongo wa mkono: kikiwa na joto, mwenyewe hayuko mbali. Hutaona wanyama wengi kama wa gari. Utaona mashimo ya mhanga, vishimo vidogo vya mchangani wanamojificha wadudu wa kutega sisimizi, ndege anayelia kukuonyesha mzinga wa asali. Mkiambiwa simameni, simameni. Mkiambiwa msikimbie, msikimbie, hata miguu ikikataa.

*Majini.* Mtu akichoka na vumbi, mpeleke majini. Nyerere, hifadhi ya taifa tangu 2019, ina boti zinazozunguka mto Rufiji na maziwa yake, katikati ya viboko na mamba, na tai wavuvi juu ya mivumo. Uganda kuna mfereji wa Kazinga unaounganisha ziwa George na ziwa Edward. Saa mbili za boti pale zinaweza kukupa viboko, nyati na ndege wengi kuliko asubuhi nzima ya gari. Saadani kuna boti mto Wami, na jioni unaoga baharini. Okavango ya Botswana ni jambo la peke yake: mtumbwi mwembamba, mtu amesimama nyuma anausukuma kwa upondo, hakuna injini, unasikia majani yanakwaruza ubavu wa mtumbwi. Mtumbwi uko chini sana, kwa hiyo usitegemee kuona mbali. Kiboko ndiye wa kuogopwa kuliko mamba, na mpiga upondo mzuri humpa njia ya kurudi kwenye kina.

*Kufuata sokwe.* Hii haifanani na safari nyingine yoyote. Mnapanda msituni Bwindi au Mgahinga upande wa Uganda, au Hifadhi ya Volcanoes upande wa Rwanda, watu wasiozidi wanane kwa familia moja ya sokwe, na mkishawakuta mna saa moja tu. Kuwafikia kunaweza kuchukua saa moja au nusu siku, kwenye mteremko wa utelezi na mimea inayowasha. Vaa suruali ndefu, soksi juu ya suruali, na glavu za kazi. Mkodi mpagazi hata kama una nguvu, maana kazi hiyo ni riziki ya vijiji vinavyopakana na msitu, na mkono wake utakuvusha mahali pa hatari. Ukiwa na mafua hutaruhusiwa, na ni haki: sokwe hawa wanaambukizwa magonjwa yetu, na sensa za 2015 hadi 2018 ziliwahesabu 1,063 tu. Kibali kwa mgeni kutoka nje ni dola 1,500 Rwanda na dola 800 Uganda. Raia wa Afrika Mashariki hulipa pungufu sana, kwa hiyo usiogope bei kabla hujauliza ya kwako. Sokwe mtu unawapata Kibale, Uganda, na Tanzania katika Mahale na Gombe, pale Jane Goodall alipoanza utafiti wake 1960.

*Hifadhi za jamii.* Pembeni ya Maasai Mara kuna maeneo kama Naboisho na Mara North, ambayo wenye ardhi wa Kimaasai wameyakodisha kwa kambi za utalii. Magari ni machache, unaruhusiwa kutembea kwa mguu, na usiku unatoka na taa kuwatafuta fisi, nungunungu na komba. Ndani ya hifadhi nyingi za serikali gari linatakiwa liwe kambini jua likizama, hivyo anayetaka usiku aanzie kwenye jamii. Bei iko juu, lakini sehemu yake inawafikia wenye ardhi, na hiyo ndiyo sababu nyasi zile bado zina simba.

Zilizobaki nazipitia haraka. Puto la hewa ya moto Serengeti au Mara hupaa alfajiri kwa muda wa saa moja hivi. Ni zuri na ni ghali, na mwenye bajeti finyu aongeze usiku mmoja wa kambi badala yake. Farasi ni wa wapandaji wenye uzoefu tu. Ngamia wapo Laikipia na Samburu, kwa wanaopenda nchi kavu na mwendo wa taratibu. Baiskeli ziko Hell's Gate karibu na Naivasha, katikati ya pundamilia na twiga. Watazamaji wa ndege waende kati ya Novemba na Aprili, ndege wahamaji wa kutoka kaskazini wanapokuwa huku. Uganda peke yake ina aina zaidi ya 1,000.

Hatua ya 3: Panga msimu kwa namna uliyochagua

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, nyasi ni fupi na wanyama wanabanana kwenye maji. Ni wakati wa gari na wa mguu, na ni wakati wa bei kubwa. Masika ya Machi hadi Mei tope hunasa magari na kambi nyingi za mbali hufungwa; Luangwa nyingi zimefungwa tangu mvua zianze Novemba. Ila nchi inakuwa ya kijani, watu wachache, bei chini, na mpiga picha anapata mawingu.

Nyumbu wa Serengeti hawana kalenda ya ukutani, wanafuata mvua. Kwa kawaida wako kusini, maeneo ya Ndutu, Januari hadi Machi, na Februari ndama wanazaliwa kwa maelfu kwa siku, chui, duma na fisi wakiwa karibu. Mei na Juni wanaelekea magharibi, mto Grumeti. Julai hadi Oktoba wako kaskazini wakivuka mto Mara kwenda Kenya na kurudi. Kampuni inayokuahidi tarehe ya kuvuka mto inakuuzia kitu isichokimiliki. Unachoweza kununua ni usiku wa kutosha karibu na mto.

Okavango ina ajabu yake: maji ya mvua za Angola hufika huko kati ya Juni na Agosti, wakati nchi yenyewe ni kavu. Msimu wa mitumbwi uko katikati ya kiangazi.

Hatua ya 4: Punguza idadi ya mbuga

Ratiba ya mbuga tano kwa siku sita inavutia kwenye karatasi, na garini ni mateso. Arusha hadi Seronera kwa barabara ni safari ya karibu siku nzima. Kanuni ninayoishikilia ni usiku mbili kwa kila mbuga kama hesabu ya chini, na tatu kwa mbuga kubwa kama Serengeti, Ruaha au Kruger. Kitu kizuri huja siku ya pili, dereva akishajua simba wamelala wapi. Mahali pekee panapotosha siku moja ni kreta ya Ngorongoro: sakafu yake ni kilomita za mraba 260 hivi, na wanyama wengi wanaishi humo mwaka mzima.

Mwenye siku mbili na fedha kidogo hajaachwa. Treni ya SGR inakufikisha Morogoro kutoka Dar es Salaam, na Mikumi iko mbele yake kwa barabara kuu. Kwa Kenya, treni ya Nairobi hadi Mombasa inasimama Voi, karibu na geti la Tsavo Mashariki na tembo wake wekundu kwa vumbi. Hifadhi ya Nairobi ina kilomita za mraba 117 tu, na ina faru, simba na twiga huku majengo ya jiji yakionekana nyuma. Tembo huko hakuna.

Hatua ya 5: Amua mtakapolala

Kambi ya umma ndiyo nafuu. Seronera haina uzio, na usiku fisi hupita kati ya mahema. Usiingize chakula hemani, hata biskuti za mtoto, funga zipu mpaka mwisho, na ukihitaji choo usiku mulika kwanza pande zote utafute macho yanayong'aa. Loji zinafaa wazee na watoto. Kambi za mahema ya kudumu ziko katikati, na kuna kambi za kuhama zinazofuata nyumbu. Hizo uliza zitakuwa wapi tarehe zako. Kulala nje ya geti hupunguza gharama lakini hukunyang'anya saa ya kwanza ya asubuhi, ambayo ndiyo bora kuliko zote.

Hatua ya 6: Ihoji kampuni kabla ya kulipa

Omba leseni. Tanzania inaitwa TALA. Kenya waongozaji hupimwa na chama chao, KPSGA, kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na unaweza kuuliza wako yuko ngazi gani. Kisha uliza kwa maandishi: gari ni letu peke yetu? Abiria wangapi? Viingilio vya hifadhi vimo kwenye bei? Kuna mpaka wa kilomita kwa siku? Gari likiharibika, lingine linatoka wapi? Swali la viingilio ndilo linaloficha mengi. Serengeti na Ngorongoro zina mamlaka tofauti na ada tofauti, na vibali huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo kuchelewa getini kwa nusu saa kunaweza kuwagharimu siku nyingine.

Raia wa Afrika Mashariki wabebe kitambulisho au pasipoti halisi, kila mmoja, maana bei ya raia hutolewa kwa ushahidi. Hifadhi za Tanzania hazitozi watoto walio chini ya miaka 5. Mageti ya Kenya na Tanzania hayapokei fedha taslimu. Malipo ni kwa mtandao, simu au kadi, na mtandao getini unaweza kukatika, hivyo lipa mapema.

Hatua ya 7: Mwili, karatasi na begi

Dawa za kinga ya malaria zungumza na daktari wiki kadhaa kabla. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Kadi yake ni ya maisha yote.

Kwenye begi weka rangi za udongo, majani makavu na kijivu. Bluu iliyokoza na nyeusi huwaita mbung'o, na mbung'o wa Tarangire na Nyerere wanauma juu ya shati. Nguo za mabaka za kijeshi ziache nyumbani, kwa kuwa nchi kadhaa zinazikataza kwa raia. Beba sweta zito: ukingo wa Ngorongoro uko juu ya mita 2,200 na asubuhi kuna baridi kali. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya, Tanzania na Rwanda. Droni usibebe bila kibali. Kama mnaruka kwa ndege ndogo kwenda Katavi au Ruaha, mzigo kwa kawaida ni kilo 15 ndani ya begi laini. Sanduku gumu haliingii kwenye tumbo la ndege.

Kitu kimoja ambacho hakikosekani begini mwangu ni darubini ya kila mtu, yaani moja kwa mmoja. Familia inayoshirikiana darubini moja hugombana kila simba anapoonekana, na kila anayeipata anaipata mnyama ameshaingia nyasini.

Hatua ya 8: Mkiwa ndani

Ondokeni geti linapofunguka saa 12 asubuhi, mbebe chai na mayai, mle huko huko mbugani mahali panaporuhusiwa. Saa sita mchana pumzikeni. Wanyama nao wamelala. Tokeni tena saa kumi.

Usimwambie dereva aache barabara. Atakayetozwa faini au kufungiwa ni yeye, wewe utakuwa umeshapanda ndege. Msiite wanyama, msipige ubavu wa gari, na mkikuta duma anawinda, kaeni mbali: akikosa swala kwa sababu ya gari lenu, watoto wake watalala njaa. Kwenye kuvuka mto Mara, gari lisisimame mahali nyumbu wanapotokea majini. Wakikuta magari wanageuka, wanarudi mtoni, na wengine wanazama. Mwambie dereva mapema, kabla hamjafika, kwamba mko tayari kuona kwa mbali. Madereva wengi husogea kwa sababu wanadhani abiria watanung'unika, na wakisikia ruhusa hiyo kutoka kwenu wanashukuru.

Bakshishi ya dereva na mpishi mpe kila mmoja mkononi mwake siku ya mwisho. Na kama dereva alikuwa hodari, chukua namba yake na umtaje kwa jina unapoiandikia kampuni. Msimu ukiwa mdogo, majina yanayotajwa na wateja ndiyo yanayopangiwa kazi.